Mpaka ukifungwa, jamaa hupitia wapi?

Kila mara ugonjwa wa kuambukiza unapozuka katika nchi jirani, husikika sauti zikiitaka serikali ifunge mpaka. Zilisikika mwaka 2020 wakati wa korona. Zikasikika tena Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa nchini Uganda, Machi 2023 Marburg ilipozuka mkoani Kagera, Tanzania, na Januari 2025 maradhi hayo mawili yaliporudi katika nchi hizo hizo. Kwa mtu anayeishi mbali na mpaka, shauri hilo laonekana la busara. Nyumba ikiwaka moto kwa jirani, wafunga dirisha lako moshi usiingie.

Mimi ni daktari wa kawaida wa kutibu watu wa kila namna, na kliniki yangu iko Ukunda, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari hadi mpaka wa Lunga Lunga. Sikatai kwamba kuna wakati wa kuwazuia watu kusafiri. Ninalokataa ni kufunga mpaka kabisa kabisa, pasipo mlango wowote wa jamaa, halafu tukajidanganya kwamba watu wamekaa nyumbani. Hawakukaa. Walipita, na waliporudi wakatudanganya sisi madaktari, kwa sababu serikali ilikuwa imewafundisha kwamba kusema kweli kungewatia taabani.

Yafaa tukumbushane yaliyotukia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku kumi baadaye Uganda ilikuwa imewafungia abiria mipaka yake. Tarehe 16 Mei 2020 Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, akatangaza kwamba hakuna mtu atakayevuka kuingia wala kutoka kupitia mipaka ya Tanzania na Somalia, ila malori ya mizigo, na madereva wake wapimwe kwanza. Tanzania nayo ilikuwa imekoma kutangaza hesabu ya wagonjwa wake tangu mwisho wa Aprili mwaka huo, kwa hivyo hofu ya upande wetu haikuwa ya bure. Hilo lazima tulikubali.

Lakini tazama ni nani aliyeachiwa mlango. Unga ulipita, saruji ikapita, mafuta yakapita. Dereva wa trela alikuwa na utaratibu wake: mahali pa kupimwa, cheti cha kuonyesha, njia ya kufuata. Utaratibu huo ulikuwa na taabu zake, maana huko Malaba na Busia foleni za malori zilifika makumi ya kilomita madereva wakingojea majibu, lakini angalau ulikuwapo. Binti aliyeitwa kwenda kumuuguza mamake ng'ambo ya pili hakuwa na utaratibu wowote, hata wa taabu.

Wasomaji wa Nairobi aghalabu huufikiria mpaka kuwa ni Namanga: geti, muhuri, foleni ya pasipoti, na wauza shanga. Kwa watu wa huku mpaka ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora katika mapatano yao ya mwaka 1886 na 1890, kutoka karibu na mto Umba pwani hadi Ziwa Viktoria, ukikunja kona pale Kilimanjaro. Mstari huo ukawakata Wadigo sehemu mbili, ukawakata Wamaasai, ukawakata Wakuria. Upande wa Uganda wamo Wasamia na Wateso waliofanyiwa vivyo hivyo. Kuna mtu ana nyumba Kenya na shamba Tanzania. Kuna aliyeoa Tanga na kuwasomesha watoto Kwale. Harusi, matanga, hitima, kumtembelea mkwe, kumpeleka mtoto kwa nyanya wakati wa likizo: yote haya huvuka mpaka, na kwa muda wa miaka mingi mtu hakuhitaji hata kuwaza kwamba anakwenda nchi nyingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikuja kutia wino jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya tangu zamani.

Nitasimulia habari ya mgonjwa wangu mmoja, huku nikibadilisha mambo machache ili asitambulike. Ni mama wa makamo, ana kisukari na shinikizo la damu, ameolewa upande wetu lakini kwao ni upande wa Tanga. Mwezi wa Juni 2020 alipigiwa simu kwamba mamake amezidiwa. Mama yule alikuwa amepooza na hakuwa na binti mwingine wa kumwogesha. Mgonjwa wangu alikwenda kwanza kwa chifu kuulizia kibali, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Basi akafanya lililofanywa na wengi. Alipanda bodaboda hadi karibu na mpaka, akateremka, akampa kijana mmoja pesa ampitishe kwa miguu vichakani, na upande wa pili akapokewa na bodaboda nyingine. Wengine walipitia baharini, wakipanda mitumbwi ya wavuvi kutoka Vanga. Njia za panya hazikosekani katika mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilomita 700.

Alichukua dawa za wiki mbili akidhani atarudi upesi. Mamake alifariki katika wiki ya tatu. Yakafuata mazishi, yakafuata matanga, na kule alikokuwa dawa alizozoea hakuzipata, naye akaogopa kwenda hospitali asije akaulizwa alivyoingia. Alipokuja kliniki kwangu, baada ya wiki tano hivi, sukari yake ilikuwa 27, ana kidonda mguuni, na anakohoa. Nilimuuliza swali ambalo kila daktari alikuwa akiuliza siku zile: "Mama, umesafiri popote karibuni?" Akanijibu bila kusita, "Sijatoka, daktari. Niko hapa hapa Ukunda."

Ukweli niliupata miezi kadhaa baadaye kutoka kwake mwenyewe, alipokuwa amepona na hofu imepungua. Alisema alijua kwamba akikiri amevuka, angepelekwa karantini, na labda polisi. Kisha akaniuliza, "Ungekuwa ni wewe, daktari, ungebaki?" Sikumjibu, na mpaka leo nadhani jibu analijua.

Msomaji asidhani kwamba swali lile la safari ni la adabu tu, kama kuulizana hujambo. Ndilo linalomwambia daktari afikirie ugonjwa gani, amtenge mgonjwa au asimtenge, avae nini kabla ya kumgusa, na amwulizie nani mwingine. Mgonjwa aliyetoka mahali penye Ebola au Marburg anapokuja na homa na kutapika, hufanana kabisa na mgonjwa wa malaria. Damu yake haina alama ya kutuambia. Kinachomtofautisha, katika saa zile za kwanza, ni maneno yake mwenyewe kwamba ametoka mahali fulani na alimshika mtu fulani. Mkimfanya aogope kuyasema maneno hayo, mmempokonya daktari kinga yake ya kwanza, tena mmempokonya muuguzi, mfagiaji wa wodi, na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hofu yao haikuwa upuzi. Mnamo Machi na Aprili 2020 watu waliowekwa karantini ya lazima nchini walitakiwa walipie wenyewe malazi na chakula, na wako waliozuiwa kutoka muda wa siku 14 ulipokwisha kwa kuwa hawakuwa na pesa. Mapema Mei Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba serikali ingebeba gharama hiyo, lakini sifa mbaya ilikuwa imekwisha kuenea. Huku kwetu neno karantini lilikuwa limegeuka kuwa jina jingine la jela. Mtu mwenye kikohozi alikunywa maji ya tangawizi na limau, akafunga mlango na kunyamaza.

Je, kufunga kulizuia ugonjwa? Hapa ndipo wenzangu wengine hutofautiana nami, kwa hivyo nitaeleza kwa vipimo. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walichunguza damu iliyotolewa na wachangiaji wa kawaida kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, yaani kipindi kile kile mpaka ulipofungwa. Walikadiria kwamba watu 4.3 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 nchini Kenya walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Hao ni zaidi ya watu milioni moja, ilhali hesabu ya waliothibitishwa rasmi wakati huo ilikuwa chini ya 5,000. Viini vilikuwa vimeingia zamani, tena Mombasa na Nairobi ndiko vilikokuwa vingi zaidi. Tulikuwa tukikaza komeo la mlango wa mbele mgeni akiwa amekaa sebuleni.

Hata China, ambako Wuhan ilifungwa kwa nguvu zote Januari 2020, uchunguzi uliochapishwa mwaka huo katika jarida la Science ulikadiria kwamba kufungwa huko kulichelewesha kuenea kwa ugonjwa ndani ya nchi hiyo kwa siku tatu hadi tano tu, ingawa kulipunguza sana idadi ya wagonjwa waliosafiri nje kwa wiki chache. Wiki chache ni kitu. Hospitali yaweza kupanga vitanda na kutafuta oksijeni katika muda huo. Ila ni lazima kufunga kuje mapema, na ule muda uliopatikana utumiwe.

Nakubali pia kwamba mlango ulioachwa wazi hauleti heri tupu. Madereva wa malori na wasaidizi wao walipopimwa damu baadaye mwaka huo wa 2020, takriban 4 kati ya 10 walionekana wamekwisha kuambukizwa, kiwango kilichozidi kwa mbali kile cha wachangiaji damu. Anayetaka kunipinga aanzie hapo. Lakini dereva yule alijulikana jina, nambari ya lori, na mahali alipolala. Akipatikana na ugonjwa, alifuatwa. Mama aliyepita kichakani pamoja na wengine saba usiku, wakishikana mikono ili wasianguke, hakufuatwa na mtu. Nikiulizwa ni yupi kati ya hao wawili ningependa apite, sihitaji kufikiri sana.

Magonjwa nayo hayafanani, na sheria moja kwa yote ni uvivu. Mtu mwenye korona aliweza kumwambukiza mwenzake siku moja au mbili kabla hajahisi lolote, kwa hivyo kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso pale mpakani kiliwakosa wengi. Ebola na Marburg ni tofauti. Mgonjwa huambukiza wengine baada ya dalili kuanza, na dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu alipoambukizwa. Kwa hayo, aliyemgusa mgonjwa au kumwosha maiti hapaswi kusafiri hata kidogo mpaka siku 21 ziishe, awe anakwenda kwa mamake au kwa mfalme. Hapo sina huruma. Lakini jirani yake wa kijiji cha mbali, ambaye hakumgusa mtu, hana haja ya kufungiwa, bora aonwe na afisa wa afya na aandikwe.

Tuna mfano mzuri wa nyumbani, nami nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya. Alipatikana wapi? Katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia hapa Kenya. Alipatikana kwa sababu alipita langoni, na langoni palikuwa na mtu aliyefundishwa kutazama ngozi. Wiki mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Kama lango la Taveta lingekuwa limefungwa, msafiri yule angetafutiwa njia na vijana wa bodaboda, nasi tungemgundua baada ya kuwaachia ugonjwa watu wa vijiji kadhaa.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Kenya na jirani zake wamezikubali, zasema wazi kwamba hatua za kuzuia wasafiri zisizidi zile zinazohitajika kulinda afya. Itifaki ya Afrika Mashariki nayo huruhusu nchi kuzuia watu kwa sababu za afya. Basi sheria haijatunyima nafasi ya kupima mambo kwa mizani. Tuliyokosa ni maandalizi tu, kwa kuwa kufunga ni rahisi: huhitaji karatasi wala wauguzi, wahitaji polisi tu.

Ninachokitaka kwa kaunti za mpakani, kuanzia Kwale, Taita Taveta na Kajiado hadi Migori na Busia, ni kibali cha jamaa kitakachokuwa tayari kabla ya ugonjwa kuzuka. Kitolewe na chifu pamoja na afisa wa afya wa eneo, kwa sababu zinazojulikana: kumuuguza mzazi, mume, mke au mtoto, kuzika, kujifungua, kumchukua mtoto aliyekwama. Kipimo pale langoni kiwe cha bure au cha bei ya mtu wa kijijini. Wakati wa korona kipimo cha PCR katika maabara za kibinafsi kiligharimu maelfu ya shilingi, na matokeo yake ni vyeti bandia ambavyo polisi walikuwa wakivinasa kila mara. Anayepita aandike jina, nambari ya simu, kijiji aendako na siku ya kurudi, na orodha hiyo ikae kwa watu wa afya, isiende kwa uhamiaji wala kwa polisi. Hili la mwisho likivunjwa mara moja tu, kibali chote kimekufa.

Pana jambo jingine ambalo wakubwa wa Nairobi na Dodoma hawalioni. Zahanati nyingi za mpakani hutibu watu wa pande zote mbili, kwa kuwa mgonjwa huenda palipo karibu. Mwenye kifua kikuu humeza dawa kwa miezi isiyopungua minne, na kwa wengi ni sita. Akizikatiza, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu. Mwenye virusi vya ukimwi hapaswi kukosa dawa zake hata wiki moja. Mama mjamzito ana kadi yake ya kliniki upande mmoja na nyumba yake upande mwingine. Maafisa wa afya wa wilaya jirani wangeweza kuwa na mapatano kwamba mpaka ukibanwa, mgonjwa apewe dawa za miezi mitatu, au zipelekwe langoni azichukue. Lori la saruji lilipita, sembuse katoni ya dawa.

Nawe msomaji, ambaye huenda una mama Moshi, shemeji Tororo au wajomba Tanga, kuna mambo ya kufanya ugonjwa mwingine ukizuka. Kwanza amua kama safari ni ya lazima. Salamu na pesa za matumizi siku hizi huenda kwa simu, lakini kumgeuza mgonjwa kitandani hakuendi kwa simu. Aende mmoja, tena aende aliye na nguvu na aliyepata chanjo kama ipo, badala ya familia nzima kujazana ndani ya matatu. Mzee mwenye kisukari asitumwe kumuuguza mzee mwenzake ikiwa pana kijana wa kwenda.

Ukienda, chukua dawa zako za miezi miwili hata kama unapanga kukaa siku tatu. Mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni iliyoitengeneza, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika ukishavuka, na mwenye duka la dawa wa Horohoro huenda hajapata kulisikia lile ulilozoea. Insulini ifunge ndani ya chupa ya chai iliyo na maji baridi kidogo, isigusane na barafu. Ukifika kwa mzee usimkumbatie siku ya kwanza ukiwa na mafua, hata akikulaumu. Kaeni barazani kwenye hewa. Kama ni msiba wakati wa Ebola au Marburg, usioshe maiti na usiishike. Waachieni waliofundishwa, kisha someni dua mkiwa mbali kidogo.

Ukirudi, hesabu siku. Zikiwa hazijatimia 21 nawe ukashikwa na homa, piga simu kabla ya kwenda hospitali ili wakupokee kwa mlango ulio mbali na wagonjwa wengine. Wakati wa korona nambari ya Wizara ilikuwa 719. Na daktari akikuuliza umetoka wapi, mtajie kijiji, mtajie siku, na mwambie kama ulipita langoni au kichakani. Hiyo ya kichakani sisi hatumwambii polisi.